Kupumzika katika kisiwa kisicholala

Ukiwaambia wenzako kazini kwamba unaenda likizo Mykonos, wataanza kukonyezana. Kisiwa hiki cha Ugiriki kina sifa zake. Ni kisiwa cha madisko yanayochangamka saa ambazo watu wengine wamekwisha kujifunika shuka, cha matajiri wenye mashua za fahari, na cha vijana wa Ulaya wanaopanda ndege wakiwa na nia moja tu, nayo ni kutolala. Sifa hizo si za uongo. Hata hivyo, msomaji, kisiwa hicho hicho kina upande wa pili ulio kimya na wenye mwendo wa pole pole, na kuchagua kati ya pande hizo mbili si suala la starehe peke yake. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo, ni suala la afya, na mara nyingine la uhai.

Nasema hivyo kwa sababu ya watu ninaowaona katika chumba changu cha matibabu. Kila mwaka, baada ya Agosti na tena baada ya Krismasi, huja wagonjwa waliorudi kutoka likizo wakiwa wamechoka kuliko walivyoondoka. Mmoja wao ni mama mhasibu, umri wake miaka hamsini na ushei, ambaye alikuwa ametimiza ndoto ya siku nyingi ya kuviona visiwa vya Ugiriki. Alikwenda na binti yake pamoja na marafiki wa binti huyo, wakakaa Mykonos siku sita katika mwezi wa Agosti. Presha yake ilikuwa imetulia kwa miaka miwili kwa tembe mbili kwa siku. Aliporudi nilimpima nikapata 178 kwa 104. Miguu ilikuwa imevimba na usiku alisikia moyo ukienda mbio.

"Daktari, mimi hata pombe sikuigusa," alinieleza. "Nilichokosa ni usingizi tu."

Nilimwamini. Chumba chao kilikuwa katikati ya mji, na chini ya dirisha muziki ulikuwa ukipigwa mpaka alfajiri. Binti na wenzake hawakujali, kwa kuwa saa hizo hawakuwa chumbani. Mama ndiye aliyebaki akihesabu mbao za dari.

Watu wengi hudhani kwamba usingizi ni wakati uliopotea. Mwilini mambo si hivyo. Mtu mwenye afya anapolala usiku, shinikizo lake la damu hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 chini ya kiwango cha mchana. Huo ndio muda wa mishipa na moyo kupumua. Usiku ukikatwakatwa na kelele, mteremko huo hupungua au hukosekana kabisa, na mwili huendelea kumwaga homoni za mshtuko kana kwamba kuna mwizi mlangoni. Si lazima uamke ndipo udhurike. Hata sikio la mtu aliyelala husikia, na moyo huitikia. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2018 kuhusu kelele barani Ulaya, lilipendekeza kelele za magari nyakati za usiku zisizidi dezibeli 45. Disko la kawaida hufikia dezibeli 100. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya ya wafanyakazi nchini Marekani, sikio la binadamu linafaa kustahimili dezibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda huo hukatwa nusu. Piga hesabu mwenyewe: kwa dezibeli 100 umebakiwa na robo saa.

Basi, je, ningemwambia mama yule asiende Mykonos? La. Ningemwambia aende upande mwingine, mwezi mwingine, na kwa saa nyingine.

UPANDE WA UPEPO

Mykonos si kubwa. Ina takriban kilomita 86 za mraba, yaani kama sehemu moja kwa nane ya Nairobi, na wakazi wake wa kudumu ni elfu kumi na kitu. Mji mkuu, ambao wenyeji huuita Chora, uko magharibi. Humo ndimo mnamo vinu vya upepo vyeupe vya kusaga nafaka vinavyoonekana katika kadi za posta, na nyumba zilizojengwa ukingoni mwa maji ambazo watalii huziita Venice Ndogo. Fuo zenye majina makubwa, Paradise, Super Paradise, Psarou na Platis Gialos, ziko kusini. Ukitazama ramani utagundua kwamba karibu zogo lote limejipanga kwenye pwani hiyo moja.

Sababu ni upepo. Katika miezi ya Julai na Agosti, Bahari ya Aegean hupigwa na upepo mkali wa kaskazini ambao Wagiriki huuita meltemi. Fuo za kusini zimejificha mgongoni mwa vilima, kwa hiyo maji yake hutulia, na wenye biashara wakazikimbilia na viti, miavuli na vipaza sauti. Fuo za kaskazini huupokea upepo huo kifuani, na mtu hawezi kukodisha mwavuli unaong'oka kila dakika kumi. Ndipo Agios Sostis, Fokos na Mersini zikabaki karibu kama zilivyokuwa: mchanga, mawe, mbuzi mlimani, na barabara ya vumbi. Kimya cha Mykonos kimelindwa na meltemi kuliko kilivyolindwa na sheria yoyote.

Lakini upepo huo ni rafiki mwenye hila. Unakupuliza ngozi, jasho linakauka kabla hujaliona, nawe unasema leo hakuna joto. Maji yanaendelea kukutoka. Jua nalo linakuchoma pasipo kukuonya. Usidanganywe na rangi ya ngozi yako: sisi weusi tuna kinga zaidi dhidi ya kuungua, ila hatuna kinga yoyote dhidi ya kuishiwa maji. Zaidi ya hayo, bahari ya kaskazini ina mawimbi na mikondo siku za upepo, na katika fuo zisizo na biashara hutarajii kumkuta mwokozi. Ukiona hakuna mwenyeji anayeingia majini, nawe kaa nchi kavu.

Katikati ya kisiwa, mwendo wa kilomita kama nane kutoka Chora, kuna kijiji kiitwacho Ano Mera. Basi la umma hufika huko. Kuna uwanja wenye miti, mikahawa michache, na nyumba ya watawa ya Panagia Tourliani iliyoanzishwa mwaka wa 1542 na kukarabatiwa mwaka wa 1767. Utakuta wazee wamekaa na kikombe kimoja cha kahawa kwa muda ambao sisi Nairobi tungekuwa tumekunywa vitatu na kupokea simu tano. Hapo nilikaa alasiri nzima mwezi wa Septemba, nikitokea katika mkutano wa madaktari mjini Athens, na kelele kubwa niliyoisikia ilikuwa ya kengele. Wagiriki wana msemo, siga-siga, ambao ni pole pole yetu kabisa, hata kwa kurudiwa. Wautumia kwa dereva, kwa mtoto anayekimbia na kwa mgeni anayedai bili kabla ya kumaliza chakula.

Ukitaka Chora bila kero zake, iende asubuhi. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu mji ni wa wafagiaji, paka na wavuvi. Vichochoro vyake vimepindapinda kiasi kwamba mtu hupotea, na kupotea asubuhi katika kichochoro chenye kivuli ni mazoezi mema ya miguu kwa mwenye kisukari, mradi viatu viwe vya kufunika vidole. Baadaye meli kubwa za kitalii huteremsha abiria wao na nafasi ya kuweka mguu hupotea. Msongamano huo umewachosha hata wenye kisiwa. Tangu Julai 2025 serikali ya Ugiriki humtoza kila abiria wa meli hizo anayeteremka Mykonos yuro 20 katika msimu mkuu.

Kuhusu mwezi, nitasema kwa ufupi. Mei na nusu ya kwanza ya Juni, au mwisho wa Septemba. Bahari ya Septemba ingali na joto la kiangazi, meltemi umepungua nguvu, na vijana wengi wamerudi vyuoni. Majira ya baridi hoteli nyingi hufungwa.

SAA NI ILE ILE, JUA SI LILE

Hapa kuna jambo ambalo sijaliona likielezwa kwa wasafiri wa kwetu. Majira ya kiangazi, saa ya Ugiriki ni sawa kabisa na saa ya Kenya. Huna haja ya kugusa saa ya mkononi. Kwa hiyo, uchovu wa kubadili majira, unaowasumbua watu wanaosafiri kwenda Marekani, haupo. Ukichoka Mykonos, usiilaumu ndege zaidi ya siku moja.

Jua, hata hivyo, halifuati saa yako. Sisi tumezoea jua kuchwa saa kumi na mbili na nusu jioni, Januari hadi Desemba. Mykonos mwezi wa Juni au Julai linachwa karibu saa tatu kasorobo usiku. Tena utosi wa jua, ambao Nairobi huwa karibu saa sita na nusu mchana, huko huwa saa saba na dakika ishirini hivi. Matokeo yake ni kwamba Mkenya hutazama saa, akaona ni saa tisa, akajiambia kwamba makali yamekwisha, sasa nitembee kidogo. Kumbe huo ndio wakati ambapo mawe, lami na kuta vimekwisha kushiba joto na vinalirudisha. Tembea kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni.

Sisemi haya kukutisha bure. Tarehe 5 Juni, 2024, Dkt Michael Mosley, Mwingereza aliyesomea udaktari na ambaye vipindi vyake vya televisheni kuhusu afya vilitazamwa na mamilioni, aliondoka ufuoni katika kisiwa kingine cha Ugiriki, Symi, akaanza kurudi kwa miguu mchana wa joto kali. Alikuwa peke yake na hakuwa na simu. Mwili wake ulipatikana siku nne baadaye. Uchunguzi uliofanywa Uingereza haukuweza kuthibitisha kilichomuua, ingawa kiharusi cha joto kilitajwa miongoni mwa sababu zilizoelekea kuwa. Mtu huyo aliyajua mambo ya mwili kuliko wengi wetu. Mwezi huo huo watalii wengine kadhaa walipoteza maisha katika visiwa vya Ugiriki wakati wa joto.

Kiharusi cha joto si kizunguzungu cha kawaida. Mtu huanza kwa kuumwa na kichwa, kichefuchefu na misuli kukaza. Halafu anachanganyikiwa, anajibu ovyo, anapepesuka kama mlevi, na mara nyingine jasho hukoma. Ukimwona mwenzako anaongea mambo yasiyoeleweka juani, usimwache akae peke yake apumzike. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji na umpepee, kisha uite msaada. Nambari ya ambulensi Ugiriki ni 166, na ile ya dharura kwa Ulaya nzima ni 112.

Wanaotumia dawa za presha wawe waangalifu zaidi. Wengi wenu hutumia tembe zinazotoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Joto linatoa maji, tembe inatoa maji, pombe nayo inatoa maji, na mwishowe mtu anasimama kutoka kitini na kuanguka. Dawa nyingine za presha huweza kuziumiza figo mwili unapokauka. Usiache dawa kwa kuwa uko likizo. Mama yule niliyemtaja alikuwa amekosa vipimo vitatu kwa sababu ya kuamka mchana. Mwone daktari wako wiki mbili kabla ya safari, mwambie unakokwenda na mwezi wenyewe, naye ataamua kama dozi ibadilishwe. Mwenye kutumia insulini asiiache katika mkoba ufuoni wala ndani ya gari. Inaharibika bila kubadilika sura, nawe utajidunga maji matupu.

Tukirudi katika usingizi. Ugiriki ina saa rasmi za utulivu. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba ni saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu, na tena saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Ile ya usiku tunaielewa. Ya alasiri ndiyo inayowashangaza wageni: kwamba sheria inakukataza kumpigia jirani yako kelele wakati amelala mchana. Vilabu vyenye kibali vina masharti yake, na Agosti katikati ya Chora usiitegemee sheria hiyo ikulaze. Vijijini ni kitu kingine. Nikiwa Ano Mera saa tisa na nusu niliona milango yote imefungwa, hata mbwa wamenyoosha miguu.

Wagiriki wenyewe wamelichunguza jambo hili. Mwaka wa 2007 Androniki Naska, Dimitrios Trichopoulos na wenzao walichapisha utafiti uliowafuatilia Wagiriki 23,681 kwa wastani wa zaidi ya miaka sita. Wote walipoanza kufuatiliwa hawakuwa na historia ya maradhi ya moyo, kiharusi wala saratani. Waliolala mchana angalau mara tatu kwa wiki, kwa wastani wa nusu saa au zaidi, walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 37 kuliko wasiolala. Nafuu hiyo ilionekana zaidi kwa wanaume waliokuwa wakifanya kazi. Nisieleweke vibaya. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba usingizi ndio uliowaponya, maana mtu anayepata nafasi ya kulala mchana huenda pia ana mwajiri mwema na maisha yasiyo na haraka. Pia, tafiti nyingine zimeona kwamba kulala mchana kwa muda mrefu, zaidi ya saa nzima, huandamana na maradhi badala ya kuyazuia. Dakika ishirini au thelathini zatosha. Weka kengele ikuamshe.

Mimi naona faida ya saa hizo iko mahali pengine pia. Zinakutoa juani wakati ule ule jua linapokuwa baya zaidi. Wazee wa kisiwa hawakuhitaji kipimajoto kulijua hilo.

CHAKULA NA GLASI

Mwaka wa 1958 Mmarekani Ancel Keys na wenzake walianza kuchunguza maradhi ya moyo katika nchi saba. Kwa Ugiriki walichagua wanaume wa visiwa vya Krete na Corfu, na wale wa Krete walikuwa na vifo vichache mno vya moyo. Walikula mafuta ya zeituni, maharagwe, dengu, mkate, matunda, na mboga za porini. Ukifika Mykonos uliza chakula kiitwacho horta. Ni majani ya mwituni yaliyochemshwa, yakatiwa mafuta ya zeituni na ndimu, nawe ukiyaonja utadhani mtu amekuletea terere au managu kutoka nyumbani. Ni bei nafuu kiasi, katika kisiwa ambacho bili zake zinaweza kukupandisha presha bila msaada wa chumvi.

Chumvi yenyewe haikosi. Vitu vitatu ambavyo kisiwa hiki hujivunia na majirani zake, jibini kali ya kopanisti, nyama ya nguruwe iliyokaushwa ya louza, na zeituni, vyote vimehifadhiwa kwa chumvi. Hata feta iliyo juu ya saladi ina chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Mwenye presha aonje, asishibe. Wasiokula nguruwe waulize kabla, kwa maana louza haina maandishi usoni.

Na pombe? Mwaka wa 1978 Dkt Philip Ettinger na wenzake nchini Marekani walieleza juu ya wagonjwa waliofikishwa hospitalini mapigo ya moyo yakiwa yamevurugika baada ya kunywa sana wikendi na sikukuu. Wakauita ugonjwa huo moyo wa sikukuu. Baadhi ya watu hao hawakuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana. Pombe nyingi kwa mpigo, pamoja na kukesha na kukauka maji, huweza kuufanya moyo udundedunde bila mpango, na damu ikikaa vibaya ndani ya moyo namna hiyo huweza kuganda na kupeleka kiharusi ubongoni. Ukisikia moyo unaruka-ruka kama samaki aliyetolewa majini, na hali hiyo isiishe kwa dakika chache, si wakati wa kuagiza glasi nyingine ya kutuliza. Ni wakati wa daktari.

Daktari yupo, lakini fahamu umbali. Mykonos ina kituo cha afya cha serikali na zahanati za kibinafsi. Hospitali kuu ya visiwa hivyo iko kisiwa cha Syros, na wagonjwa mahututi hupelekwa Athens. Kwa hiyo bima ya safari si karatasi ya kumridhisha afisa wa viza tu. Viza ya Schengen inadai bima ya angalau yuro 30,000. Kabla ya kulipa, soma kama inawakubali wenye maradhi ya kudumu, kama ina malipo ya kusafirishwa kwa ndege ya wagonjwa, na kama inamlipia aliyeumia akiendesha zile pikipiki za magurudumu manne zinazokodishwa kila kona. Bima nyingi huruka hapo. Barabara za kisiwa ni nyembamba, zina kona na changarawe, na mtu aliyeanguka nazo hana bodi ya gari ya kumkinga. Panda basi.

Siku moja kati ya siku zako, vuka uende Delos. Ni kisiwa kidogo, kama kilomita tatu na nusu za mraba, safari ya nusu saa hivi kwa mashua kutoka Chora. Hakuna hoteli wala disko, na mgeni haruhusiwi kulala. Ni magofu ya mji mzima, ambayo UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1990. Wagiriki wa kale waliamini kwamba hapo ndipo alipozaliwa Apollo, mungu waliyemwomba uponyaji na ambaye mwanawe, Asklepios, ndiye mwenye ile fimbo yenye nyoka ambayo sisi madaktari tungali tunaitumia kama nembo. Mnamo mwaka wa 426 kabla ya Kristo Waathene walifukua makaburi yote ya kisiwa wakayahamishia kisiwa cha jirani cha Rheneia, na wakaamuru kwamba tangu hapo mtu asife Delos wala asizaliwe Delos. Waja wazito na wagonjwa wa kufa walivushwa kwa mashua. Nilisimama nikafikiri juu ya mkunga wa zamani akibishana na baharia wakati uchungu umekwisha kushika, na upepo ndio huo.

Usiliangalie kwa macho ya kishairi tu. Baadaye, chini ya Warumi, mahali hapo patakatifu paligeuka soko kubwa la watumwa. Mwandishi wa kale Strabo anasema liliweza kupokea na kusafirisha watumwa elfu kumi kwa siku moja. Nguzo za marumaru za wafanyabiashara bado zimesimama.

Delos haina kivuli. Panda mashua ya kwanza ya asubuhi, beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, kofia pana, na tembe zako za mchana ikiwa una za mchana. Kilima cha Kynthos kina mita 112. Ngazi zake ni za mawe yasiyolingana, na mwenye magoti mabovu abaki chini penye sanamu za simba. Upepo ukizidi, mashua hazivuki. Siku hiyo nenda Ano Mera, agiza horta, na saa tisa ikifika fanya kama wenyeji.

Mama mhasibu ananiuliza kama anaweza kurudi. Presha yake sasa ni 132 kwa 84. Nimemwambia achague Septemba, chumba kilicho mbali na Chora, na binti akae kule anakotaka. Tutaonana wiki mbili kabla ya safari ili nimpime na kuzitazama tembe zake.